Bwanangu Alipoupa Wali Talaka

Nyumba yetu ya Kibokoni, Mombasa, ina ghorofa mbili, ngazi moja nyembamba na chungu kimoja. Mavyaa yuko chini kwa ajili ya magoti yake, mimi na bwanangu na watoto tuko katikati, na wifi yangu, ambaye ni muuguzi, yuko juu karibu na kamba za nguo. Chakula cha mchana hupakuliwa kwangu kwenye sinia, na mwenye njaa anaijua njia. Kwa hivyo mtu wa nyumba hii akitangaza kwamba yeye sasa ana chakula chake mbali, tangazo hilo huwafikia mavyaa, watoto, wifi na mfuko wa matumizi kabla halijafika tumboni mwake.

Lilikuja Ijumaa asubuhi, mahamri yakiwa mezani na mbaazi za nazi zikifuka moshi. Bwanangu anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, kazi ya kukaa kitini na kupiga simu, na kwa miaka sasa tumbo lake ndilo limekuwa likitangulia kuingia mlangoni. Jamaa mmoja wa ofisini kwao alikuwa amepungua hata mshipi unamzunguka mara mbili, na siri yake ilikuwa keto. Tena harusi ya mpwa wetu ilikuwa mbele, na ile kanzu nzuri ya bwanangu yenye darizi shingoni ilikuwa ikigoma kushuka ikifika kwenye kitovu. Akaisukuma sahani ya mahamri upande wa watoto.

"Mama watoto, kuanzia leo mimi na wanga basi. Wali, ugali, chapati, mahamri, muhogo, sukari, vyote nimevipa talaka tatu."

"Tatu kwa mpigo?" nikamuuliza. "Huanzi na moja, ukajiwekea nafasi ya kurejea?"

"Tatu. Nisije nikarejea."

Mavyaa, ambaye masikio yake hayana ugonjwa wowote, akapaza sauti kutoka chini: "Na huyo mke mpya ni nani?"

"Mayai, mama. Na nyama, samaki, samli, avokado."

Kukawa kimya kidogo. "Mahari yake ghali," akasema.

Wifi alishuka kutufanyia hesabu. Mwenye kufuata keto, alisema, hula wanga wa gramu 20 hadi 50 tu kwa siku nzima. Wali uliopikwa, gramu 100, una wanga wa gramu 28 hivi, na sahani ya pilau ya kwetu, iliyopakuliwa kwa mkono wa ukarimu, inaweza kupita gramu 80. Ndizi mbivu moja ni gramu 27. Vijiko viwili vya sukari kwenye chai ni gramu 8. Kwa hesabu hiyo, mahamri matatu, mbaazi na kikombe cha chai, ndio kiamsha kinywa chake cha kila Ijumaa, vilikuwa vikimaliza posho ya siku mbili kabla jua halijapanda. Habari njema zilikuwa chache, lakini moja niliipokea kwa mikono miwili: tui la nazi halina neno, kwa kuwa lina mafuta mengi na wanga kidogo. Samaki wa kupaka akanusurika.

Bwanangu hakuridhika na kujizuia mwenyewe. Alisema kishawishi lazima kihame. Sukari yote akaigawa, nusu kwa majirani na nusu kwa madrasa. Asali, tende na boksi la biskuti vikafuata. Likabaki gunia la pishori la kilo 25, ambalo lilikuwa bado halijafikia nusu, na alilotaka kuliteremsha hadi kwa mama yake. Nikamwambia asubiri kijana wa mkokoteni. Akasema mtu wa keto ana nguvu za kutosha. Alilipandisha begani, na pale kwenye kona ya ngazi, ambapo hata sinia hupita ubavu ubavu, gunia likanaswa na msumari na kupasuka kutoka juu hadi chini.

Mchele ulishuka daraja kwa daraja, ukapita mlango wa mavyaa, ukavuka baraza, ukatoka hadi uchochoroni. Kuku wa jirani wakaja bila kualikwa. Muuza kahawa aliyekuwa akipita na dele lake akigonga vikombe akasimama, akatazama huku na huku, akauliza kwa adabu kama kuna hitima. Mavyaa alitoka na ungo, akaketi barazani, akaupeta mchele ule mchana kutwa, na kila aliyepita akamweleza kisa chake kuanzia mwanzo. Hata adhana ya magharibi ilipolia, toka Kibokoni hadi Mlango wa Papa hapakuwa na mtu asiyejua kwamba mwanawe ameacha kula wali.

Maadamu habari zilikwisha enea, bwanangu akaona heri azitetee mwenyewe. Baada ya isha alikaa na wazee wa baraza akawapa historia. Mwaka 1863, aliwaambia, bwana mmoja wa London, William Banting, alichapisha kijitabu kueleza alivyopungua kwa kuacha mkate, viazi, sukari na pombe ya bia, kwa ushauri wa tabibu wake.

"Alikuwa na kazi gani huyo?" mzee mmoja akauliza.

"Mtengeneza majeneza na msimamizi wa maziko."

"Mtengeneza majeneza akupe shauri la kula, nawe ufuate?"

Bwanangu akaruka hadi mwaka 1921, ambapo Dkt. Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza chakula cha mafuta mengi na wanga haba kwa wagonjwa wa kifafa. Madaktari walikuwa wamekwisha ona kwamba mtu akifunga kula, kifafa hupungua. Wilder akatafuta njia ya kuufanya mwili udhani umefunga ilhali unakula. Hapo ndipo keto ilipozaliwa, ikiwa dawa ya kifafa, na hadi leo watoto ambao kifafa chao hakisikii vidonge hupewa, chini ya macho ya daktari. Ya kupunguza tumbo yakaja kuvuma baadaye, hasa baada ya kitabu cha Dkt. Robert Atkins cha mwaka 1972. Na huku kwetu Afrika, Profesa Tim Noakes wa Afrika Kusini aliieneza kwa jina la Banting, hata akashitakiwa mbele ya baraza la wataalamu wa afya la nchi yake kwa ushauri aliompa mama mmoja mtandaoni, akaachiliwa mwaka 2017.

Kisha akatoa ushahidi aliouona mkubwa kuliko wote. "Tazameni Wamaasai. Maziwa, nyama, damu. Dkt. George Mann aliwapima kule Tanganyika miaka ya 1960, akakuta kolesteroli yao iko chini na maradhi ya moyo ni nadra. Na kabla yake, mwaka 1931, Orr na Gilks walitoa ripoti ya Wamaasai na Wakikuyu hapa Kenya, wakaonyesha Mmaasai ni mrefu zaidi na mwenye nguvu zaidi. Mwawaona wana matumbo?"

Askari wa duka la sonara lililo mkabala ni Mmaasai wa Kajiado. Alikuwa akisikiliza huku ameegemea rungu lake. "Mzee," akasema, "mimi nakula ugali kila siku. Na chai, sukari vijiko vinne."

Baraza likaangua kicheko, na wifi akaongeza yake kutoka dirishani juu. Lita moja ya maziwa ina sukari yake ya asili karibu gramu 50, kwa hivyo mchungaji anywaye lita mbili tatu amekwisha kutoka kwenye keto kabla ya chakula cha mchana. Na huyo Mmaasai wa Dkt. Mann alikuwa akitembea nyuma ya ng'ombe kutwa nzima. "Wewe kaka," akamalizia, "ng'ombe wako ni simu."

Hata hivyo uzito ulipungua, na ulipungua upesi. Kwenye Barabara ya Digo kuna vijana wenye mizani za kupimia watu kwa shilingi chache. Wiki ya kwanza haijaisha, bwanangu alirudi kutoka huko akitembea kama bwana harusi: kilo nne zimekwenda. Akawanunulia wazee kahawa duru nzima.

"Kaka, nyingi kati ya hizo ni maji," wifi akamwambia.

Akakaa akatueleza, na hapa nitamfuata polepole kwa sababu ndipo penye siri ya jambo lote. Tukila wali, mwili huugeuza glukosi. Insulini, inayotoka kwenye kongosho, huifungulia glukosi milango ya kuingia kwenye misuli na kuhifadhiwa, na wakati huohuo huizuia hazina ya mafuta isifunguliwe. Ziada ya glukosi huwekwa akiba kwa jina la glaikojeni, gramu 100 hivi kwenye ini na 400 hivi kwenye misuli. Kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu kama tatu za maji. Ukiacha wanga, mwili huila akiba kwanza, na maji yake hutoka nayo. Hapo tu kilo mbili zimekwisha ondoka. Tena insulini ikishuka, figo huanza kuitupa chumvi, na chumvi haiendi peke yake, huchukua maji mengine. Mizani ya Barabara ya Digo haijui kutenga maji na mafuta.

Baada ya akiba kwisha ndipo kazi yenyewe huanza. Mafuta ya mwilini huvunjwa, ini huyachukua na kuyageuza ketoni, na ketoni hizo husafiri kwa damu kwenda kulisha moyo, misuli na ubongo. Ubongo wa mtu hutumia glukosi karibu gramu 120 kwa siku. Ukikosa, hukubali ketoni kwa sehemu kubwa ya mahitaji yake, na glukosi kidogo inayobaki kuhitajika ini huitengeneza lenyewe.

"Basi nikila samli ndiyo nachoma mafuta!" bwanangu akasema.

"Wachoma samli," akajibiwa. Kilo moja ya mafuta ya tumboni ina kalori 7,700 hivi. Ili iondoke, lazima mtu ale pungufu ya anavyotumia hadi deni hilo litimie, awe kwenye keto au asiwe. Gramu ya wanga ina kalori 4, gramu ya mafuta ina 9, kwa hivyo mwenye kumimina samli kwa upawa anaweza kuwa na ketoni tele na tumbo palepale. Keto humsaidia mtu kwa njia nyingine. Nyama, samaki na mayai hushibisha kwa muda mrefu, ketoni zenyewe huonekana kupunguza hamu ya kula, na vitafunio karibu vyote huwa haramu. Ukimwondolea mtu mahamri, kaimati, viazi karai, bhajia, halua na soda, umemwondolea nusu ya jioni ya Mombasa. Lazima apungue.

Furaha ya kilo nne haikudumu. Kichwa kilimuuma tangu asubuhi, akawa mkali kwa watoto, na usiku msuli wa mguu ukamkaza hata akaruka kitandani akitaja majina ya Mungu. Pumzi yake ikaanza kunuka ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Wifi alisema ni asetoni, mojawapo ya zile ketoni, ambayo hutoka kwa pumzi. Mavyaa alisema ni kijicho.

"Watu wamemsifu mno kwamba amekonda. Mwanangu yuafa na ndaa na chakula kimejaa, halafu mwaniambia asetoni!"

Akaagiza kombe, likaandikwa aya kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya waridi, bwanangu akalinywa. Kisha, kwa kuwa hawezi kumwacha mtu anywe kombe juu ya tumbo tupu, akamtilia bakuli la supu ya mifupa, pilipili manga, ndimu na chumvi ya kutosha. Jioni yake kichwa kikapoa, na usiku mguu ukatulia. Mavyaa alilipa kombe sifa zote. Wifi aliipa chumvi, kwani ndiyo ambayo figo zilikuwa zikiitupa. Mimi sikuingia baina yao. Niliendelea kupika supu.

Jikoni kwangu ndiko kulikokuwa na vita vyenyewe. Chungu kimoja kilizaa viwili, na mtungi wa gesi ukawa unakwisha kabla ya siku zake. Unga wa lozi niliopata kuagiziwa, kilo moja yake ilikuwa na bei ya kununua pishori ya wiki nzima. Nikajaribu kuukanda mahamri. Hamri huumuka kwa sababu unga wa ngano una utomvu unaovutika na kushika hewa. Lozi hazina kitu hicho. Nilipoyatia kwenye karai, yalitulia kidogo juu ya mafuta kama yanayofikiri, kisha yakasambaratika. Nilichoteka kwa kijiko cha matundu kilikuwa chengachenga nyeusi. Watoto waliziita kashata za shetani.

Koliflawa ndiyo iliyotuaibisha mbele ya watu. Bwanangu alikuwa ameonyeshwa kwamba ikikunwa hufanana na wali, na akataka biriani yake ya Ijumaa ipikwe hivyo. Nilikwenda Marikiti, nikachagua vichwa vitatu vyeupe, nikavikuna kwenye mbuzi ya nazi, kwani nyumba yetu haina mashine. Masala nilipika kama kawaida: kitunguu cha kukaanga hadi kikauke, mtindi, nyanya, nyama ya mbuzi. Siku hiyohiyo ami yake akatokea kutoka Lamu bila taarifa. Mgeni hawezi kupewa sahani ya peke yake, akaketishwa kwenye sinia ya mwenye nyumba. Koliflawa ina maji mengi; ilipokutana na masala ya moto iliyaachilia yote, na kufikia mezani biriani ilikuwa yatiririka.

Ami alitia mkono, akauinua, akautazama. "Mwanangu," akamwambia bwanangu, "hii ni biriani au ni uji?"

"Ni koliflawa, ami."

"Mgonjwa ni nani?"

Mavyaa alimpandishia sahani ya wali kutoka chini, wa mchele uleule uliopetwa barazani, na ami akala huku akimsomea mpwa wake dua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo halikuwa la kuchekesha. Mavyaa ana ugonjwa wa sukari wa miaka mingi, na alikuwa akimeza glibenklamidi, vidonge vinavyoisukuma kongosho itoe insulini, ule usile. Pamoja na maneno yake yote barazani, alikuwa akimtazama mwanawe anavyopungua, na akaingiwa na tamaa. Bila kumwambia mtu, akaacha wali. Kwenye sahani niliyomteremshia kila mchana alikuwa akichukua samaki na mchicha, na wali akimpa mjukuu wake. Nilikuwa nimeona mwanangu anashuka kwa bibi yake baada ya kula na kurudi akipiga mbweu, nikadhani ni mapenzi tu ya bibi na mjukuu. Vidonge akaendelea kumeza kama kawaida.

Mavyaa ndiye anayetuamsha alfajiri, kwa kugonga daraja la chini kwa bakora yake. Siku moja hakugonga. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kanga imerowa jasho, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Wifi alishuka ngazi kwa kuruka, akamdunga kidole, kipimo kikasoma milimoli 2.8 kwa lita. Kikiwa chini ya 4 ni hatari.

"Sukari! Haraka!"

Nikakimbilia jikoni, na ndipo nilipokumbuka. Sukari ilikuwa madrasa. Asali kwa jirani. Tende kwa jirani wa pili. Kabati langu lilikuwa na samli, mayai na unga wa lozi. Bwanangu alisimama katikati ya jiko akifungua na kufunga vitasa vilevile. Maduka yalikuwa bado hayajafunguliwa. Tulipokuwa tukipigana vikumbo mlangoni, mwanangu akatoka chini ya kitanda chake na chupa ya soda aliyokuwa ameificha tangu babake apige marufuku. Wifi alimnywesha bibi nusu gilasi, polepole, kwa kuwa alikuwa macho na anaweza kumeza. Angekuwa amezimia, alisema, asingetiwa kitu kinywani, angekimbizwa hospitali vivyo hivyo. Baada ya dakika 15 akapimwa tena: 4.4. Jirani akaleta mkate na maziwa, mavyaa akala, akanitambua, na neno lake la kwanza likawa kuuliza nani amemwachia mtoto soda.

Hatukuishia hapo, kwani dawa ya aina ile hukaa mwilini kwa saa nyingi na sukari huweza kushuka tena. Tulimpakia kwenye tuktuk, akalazwa akiangaliwa, na daktari akambadilishia dawa. Alitueleza kitu ambacho kila nyumba yenye mgonjwa wa sukari inapaswa kukijua. Mwenye kutumia insulini au vidonge vya jamii ile, akipunguza wanga ghafla bila kupunguziwa dawa, sukari yake huanguka. Mwenye kutumia dawa za jamii ya gliflozini, kama empagliflozini na dapagliflozini, akiingia keto anaweza kujaa ketoni hadi damu ikawa na asidi, hata kama kipimo chake cha sukari hakitishi. Na ketoni chache za mtu mzima wa afya aliyeacha wanga ni jambo moja; mafuriko ya ketoni kwa mgonjwa asiye na insulini ni jambo lingine, la kuua. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye maradhi ya figo nao wasijiingize bila daktari.

Bwanangu siku hiyo alinunua sukari kilo mbili kwa mkono wake. Na kwa kuwa tulikuwa hospitali, naye akapimwa damu. Kilo zilikuwa zimepungua kweli, sukari yake ilikuwa nzuri, ila kolesteroli ile mbaya ilikuwa imepanda, jambo ambalo huwapata baadhi ya wanaofuata keto, hasa wakipendelea samli na nyama ya mafuta kuliko samaki.

Harusi ikafika. Kanzu ilishuka hadi kwenye vifundo vya miguu bila kusita, na nilijivuna naye, sikatai. Kisha sinia za pilau zikatandazwa. Watu wanne kwa sinia, nyama juu, kachumbari pembeni, harufu ya bizari imetanda hema zima. Wenzake watatu walimngojea aseme bismillahi. Aliwatazama, akatazama pilau, akatia mkono.

"Talaka tatu, kumbe!" mavyaa alimwambia waliporudi nyumbani.

"Nilitoa nikiwa na hasira, mama. Haisihi."

Asubuhi yake mizani ya Barabara ya Digo ilimwongezea kilo mbili, akarudi amenyong'onyea. Wifi akamkumbusha hesabu ileile: akiba ya glaikojeni imejazwa, na maji yake yamerudi nayo. Hakuna mtu anayeota kilo mbili za mafuta kwa sinia moja ya pilau. Akamtajia pia utafiti wa Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliotoka mwaka 2018. Watu wazima 609 waligawanywa, kundi moja lile mafuta kidogo na jingine wanga kidogo. Baada ya miezi 12, la mafuta kidogo lilikuwa limepungua wastani wa kilo 5.3 na la wanga kidogo kilo 6.0, tofauti isiyo na uzito wa kitaalamu. Ndani ya kila kundi walikuwamo waliopungua sana na walioongezeka. Na makundi yote mawili yaliambiwa mambo yaleyale mengine: acheni sukari, acheni unga mweupe, kuleni mboga kwa wingi.

Mavyaa akaitisha kikao barazani na kutoa hukumu, na bwanangu hakukata rufaa. Chungu kinarudi kuwa kimoja. Chai ni ya tangawizi na iliki, bila sukari, kwa wote. Mahamri ni ya Ijumaa, moja moja. Nusu ya sahani ni mchicha, bamia au kachumbari, robo kitoweo, robo wali, na anayetaka kuongeza aongeze mchicha. Soda hainunuliwi, isipokuwa ile chupa moja ya dharura, na mlinzi wake ni mjukuu. Baada ya alasiri, bwanangu hutembea kwa miguu hadi ufukoni Mama Ngina na kurudi, na anapowapita wauza mihogo ya pilipili hutakiwa kutazama baharini. Kanzu bado inashuka. Uzito hupungua kidogo kidogo mno hata vijana wa mizani wamemchoka, lakini haujarudi.

Basi msomaji, kama keto inakuvutia, jua inavyofanya kazi: inakata hamu na inakunyima vitu vingi, na kwa sababu hiyo unakula pungufu, kilo za mwanzo ni maji, na faida itadumu tu maadamu unaweza kuishi na sahani hiyo mwaka hadi mwaka, pamoja na unaokula nao. Ukiwa unameza dawa za sukari au za presha, mwone daktari kabla hujaacha wali, wala usingoje baada. Na hata ukiacha sukari namna gani, nyumba yenye mgonjwa wa kisukari isikose sukari kabatini.